Kuiona Mikono ya Riziki

Jumatatu, 10 Mei 2021. Goma.

Sambusa za futari tena. Vitunguu vimeniliza mchana kutwa na swaumu inabana. Fundi wa intaneti amefika wakati nimekwisha kumkatia tamaa. Anaitwa Trésor. Alisimama chini ya poto ya avenyu, nguzo ya nyaya, akapima kwa macho hadi dirisha letu, akatikisa kichwa. Waya lazima upite juu ya parseli, kiwanja cha jirani yetu Mama Kavira. Upande wa pili ni ukuta wa ghala, na wenyewe hawapatikani.

Mama Kavira. Hatujasalimiana vizuri tangu maji ya mabati yetu yalipomwagikia jikoni kwake. Nilijua tu patakuwa na kitu.

Nataka iwe tayari kabla ya Idi. Mwanangu Riziki yuko Bukavu, shule ya viziwi, anajifunza kushona. Kumpigia simu hakuna maana, hasikii tangu ile homa ya uti wa mgongo alipokuwa mdogo. Kumwandikia, anasoma maneno machache tu. Sisi tunasema kwa mikono. Na kwa mtandao huu wa simu mikono yake inakatika vipande. Nazungumza na nusu ya mtoto.

Jumanne, 11 Mei

Nimekwenda kwa Mama Kavira. Alikuwa mlangoni anachagua maharage, anauza yale ya kwao Butembo. Nilisimama. Hakunipa kiti.

"Ile kamba haitapita hapa, Mama Riziki. Itavuta radi."

"Fundi anasema haiko chuma. Iko kioo ndani, nyembamba kama unywele."

"Fundi ni mutoto. Radi miye sikusimuliwa. Niliiona."

Kaka yake aliuawa na radi shambani, kule Lubero. Mama Kavira alikuwa amesimama karibu naye. Sikujua. Miaka yote hii tunaishi ukuta kwa ukuta, sikujua.

Nimerudi na hasira na aibu. Hasira zaidi.

Alhamisi, 13 Mei

Idi. Swala, pilau, nyumba tupu. Papa Riziki, mume wangu, amekwama Butembo na lori lake. Waasi wamechoma magari njiani, anangoja msafara wenye askari. Kwa simu sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. Ndivyo anavyokuwa akiogopa.

Nilimpelekea Mama Kavira sahani ya pilau. Idi ni Idi. Nikiwa mlangoni kwake simu ikatetemeka: Riziki. Nikaiegemeza kwenye gunia la maharage. Amevaa gauni jipya, amelishona mwenyewe. Akaanza kunieleza jambo, uso wote unacheka, halafu picha ikaganda. Mikono hewani. Mimi naendelea kumjibu mtu asiyenijibu. Mwisho picha ikafa.

Mama Kavira alikuwa anatazama.

"Alikuwa anasema nini?"

"Sijui."

Akafunika sahani. Nikaondoka.

Ijumaa, 14 Mei

Asubuhi Mama Kavira amegonga ukuta kwa mwiko.

"Mwambie ule mutoto wa kamba akuye! Lakini apitishe mbali na jiko yangu."

Nimesema asanti. Nimeisema mara nyingi mno, hadi akaingia ndani.

Jumatatu, 17 Mei

Intaneti imeunganishwa! Trésor alipanda poto, akavuta waya, akaupitisha juu ya mti wa avoka wa Mama Kavira, akatoboa ukuta wetu chini ya dirisha. Vumbi la saruji hadi kwenye unga. Halafu sehemu niliyoipenda: alichuna ganda la waya, ndani mkatokea uzi ambao sikuuona hadi aliponigeuzia kwenye mwanga. Akaulaza kwenye kamashine kadogo pamoja na uzi mwingine, kakatoa cheche, nyuzi mbili zikawa moja. Anasema kioo hicho kikipata ufa mahali popote, mwanga haupiti.

Modemu ni nyeupe, ndogo kuliko nilivyofikiri. Taa za kijani: salama. Ile moja ikiwaka nyekundu, njia imekatika mahali. Nimeiunga kwenye betri ya zamani ya lori na kipanneau cha jua, maana umeme wa hapa Mabanga unakuja unapotaka.

Mama Kavira alisimama chini ya avoka muda wote, mikono kiunoni.

"Na mvua ikinyesha?"

"Hata ya mawe, mama. Kioo hakiiti radi," Trésor akamjibu.

Hakucheka. Lakini hakuondoka hadi mwisho.

Jumanne, 18 Mei

Nimemwona. Mtoto mzima, si nusu! Nimeona kucha zake, nimeona alama ya sindano kwenye kidole gumba. Hakuna kukatika. Tumesema hadi mabega yakauma.

Aliniuliza jambo ambalo hajawahi kuliuliza. Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, alikuwa na miaka minane. Tulilala chini ya kitanda, mabomu yanatikisa nyumba. Kwa nini nilimziba macho? Nikamwambia: nilifikiri usipoona hutaogopa.

Akatikisa kidole. Nisipoona, alisema, ndipo ninapoogopa.

Jumapili, 23 Mei

Naandika nikiwa nimerudi nyumbani. Nyumba ipo.

Jana magharibi, giza linaingia, nilikaa mezani nikisema na Riziki. Dirisha mgongoni kwangu. Alikuwa ananionyesha mkono wa shati, jinsi anavyoukunja. Akaacha. Macho yake yakapita juu ya bega langu. Akainua vidole: moto.

Nikafikiri jikoni. Nikamwambia jiko nimelizima.

Hapana, mikono yake ikasema. Nyuma yako. Dirisha. Mlima.

Nikageuka. Anga lote la juu ya volkano lilikuwa jekundu. Mtaa bado kimya, hakuna aliyepiga kelele, watu walikuwa wanapika. Mtoto wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa lote, ameuona moto wa mlima wetu kabla yetu.

Nilikimbia nje, nikagonga kwa Mama Kavira kwa ngumi mbili. Niliporudi kuchukua simu picha ilikuwa imekufa na taa ya modemu nyekundu. Hatukuagana.

Tulitembea. Mama Kavira ana goti bovu, alinishika mkono wa nguo. Mji wote barabarani: magodoro, mbuzi, televisheni kichwani, watu wa Idi ya juzi na watu wa misa ya leo. Mwaka 2002 nilitembea njia hiihii, bibi harusi mpya, na lava ikala nyumba yetu na sufuria zote za harusi. Sikutaka kulikumbuka hilo. Nililikumbuka hadi Katindo, na kupita. Tulilala kwenye baraza ya watu tusiowajua huko Himbi. Walitupa mkeka.

Asubuhi tukasikia lava imesimama Buhene, juu kidogo ya uwanja wa ndege. Wengine hawana nyumba tena. Sisi tunazo. Alhamdulillahi. Mama Kavira kapiga ishara ya msalaba.

Riziki hajui kama niko hai.

Jumatatu, 24 Mei

Ardhi haitulii. Inatikisika, inaacha, inatikisika. Vyombo vyote nimevishusha chini. Maji hakuna, mabomba yameungua huko juu. Taa bado nyekundu.

Nimempata kwa simu sista mlezi wa shule. Amemwambia Riziki mama yako ni mzima. Riziki anaitikia kwa kichwa, lakini hali chakula. Nikajipiga picha, nimesimama mlangoni, ikapita baada ya kujaribu sana. Sista anasema Riziki aliitazama, akamrudishia simu. Alisema: picha haina siku.

Ana haki. Inaweza kuwa ya mwaka jana.

Nimejaribu video kwa mtandao wa simu. Rangi tu, kama maji machafu.

Jumatano, 26 Mei

Trésor amekuja, mabuti yamejaa vumbi. Kwao pia wamelala nje. Kwa matetemeko waya wetu umeangukia mabati ya Mama Kavira, lakini haukukatika. Kilichokatika ni njia kubwa, huko mbele. Wenzake wanaitafuta sehemu yenye ufa. "Kesho, mama. Kesho jioni utamuona."

Ukuta wa chumba cha Riziki umepasuka kutoka juu hadi chini. Kidole changu kinaingia.

Nasubiri kesho.

Ijumaa, 28 Mei. Sake.

Jana asubuhi redio ilitangaza tuondoke. Lava iko chini ya mji, inaweza kutoka popote, hata ziwani. Mitaa ikatajwa. Wetu ukatajwa.

Nilichukua nguo, unga, sanduku dogo. Nikachomoa modemu nikaifunga ndani ya kitenge. Mama Kavira akaniuliza njiani itashika mtandao wapi. Nikaibana kwapani. Sikutaka kuiacha tu.

Magari yalijaa. Tulikwenda kwa miguu, tunapumzika goti lake linapokataa. Tulifika Lac Vert jua la utosi, watu kama mchanga. Nilimwambia aniegemee. Akaniegemea, mzito, na akaanza kunisimulia kuhusu kaka yake, jinsi alivyokuwa anacheza ngoma, jinsi alivyokuwa mwongo. Alicheka akisimulia. Tukafika Sake hivyo. Tumelala kwenye darasa, madawati yamepangwa ukutani.

Leo nimepata mtu mwenye panneau ya jua, nimechaji simu. Ujumbe wa sista ukaingia. Riziki ameondoka. Jana aliona kwenye televisheni watu wanaihama Goma, akawatazama wote wakipita, hakuniona. Ametoka shuleni bila kuaga. Mtu amemwona bandarini, gauni la bluu, akipanda mashua ya Minova, bandari ndogo iliyo njiani kuja huku, peke yake, kila mtu anatoka huku na yeye anakuja.

Minova. Umati ule wa waliokimbia. Mtoto asiyesikia gari likimpigia honi.

Nimeogopa kuliko Jumamosi ile ya moto. Nimekaa chini. Mama Kavira ndiye aliyetoka nje. Amerudi na habari: kuna mtu wa Butembo mwenye lori, amezungumza naye Kinande, lugha ya kwao, kesho alfajiri anashuka Minova.

"Tutakaa juu ya mizigo," amesema.

"Weye na goti lako?"

"Goti si yako. Lala."

Jumapili, 30 Mei. Minova.

Niandike polepole ili niandike sawasawa.

Tulifika Minova jana kabla ya joto. Barabara imejaa hadi bandarini, watu wanangoja mashua za Bukavu. Nilianza kuuliza: msichana, kiziwi, mrefu, gauni la bluu. Watu wamechoka, wanaangalia pembeni. Mama Kavira akaanza kuita kwa sauti, "Riziki! Riziki!" hadi nikamshika mkono. Akajikumbuka. Akakaa juu ya jiwe akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Mwanamke mmoja anayeuza samaki wadogo akatuita.

"Ule mwenye kuonyesha watu picha ya karatasi? Alilala kwangu. Nilimupa ugali. Asubuhi alienda tena mu watu, anaonyesha kila mutu."

"Picha ya nani?"

Akanitazama vizuri.

"Ya weye."

Nilizunguka hadi kichwa kikauma. Umati unasogea, ukitafuta huku yeye yuko kule. Nikafikiri: mimi simuoni, lakini yeye ana macho kuliko sisi wote. Lazima nionekane.

Nikarudi kwa lori. Nikamwomba yule dereva wa Butembo. Alikataa, Mama Kavira akamwambia kitu kwa Kinande, kikali, akakubali. Nikavua ndala, nikapanda mizigo, nikapanda juu ya kabini. Bati linaunguza. Nikajifunga kitenge vizuri, nikainua mikono.

Jina lake kwa mikono ni kidole shavuni, pale penye kishimo chake, halafu kiganja kinafunguka. Alipewa na watoto wenzake. Nikaliandika hewani. Kidole, kiganja. Kidole, kiganja. Nikageuka upande wa ziwa nikafanya vilevile. Upande wa soko. Upande wa barabara. Watu wakaanza kunitazama. Mmoja akasema huyu volkano imemharibu kichwa. Wengine wakacheka, wanaume wakapiga miluzi. Mama Kavira akawa anawajibu huko chini, sikusikia anasemaje. Mikono ikawa mizito. Nikaendelea. Nilifikiri: kama ameshapanda mashua nyingine je? Kama ameenda kwa miguu Sake, tumepishana je? Nikaendelea tu.

Halafu mbali, nyuma ya mapipa ya mafuta, mkono mmoja ukapanda juu ya vichwa. Ukafanya: mama.

Sikumbuki nilivyoshuka. Goti langu lina damu.

Nilifikiri atanikumbatia. Alinipiga kifuani kwa viganja viwili, kwa nguvu. Watu wakatupisha. Mikono yake ilikuwa inaenda haraka mno, nikamwambia taratibu, naona, taratibu.

Uligeuka, alisema. Ulinipa mgongo. Dirisha jekundu. Halafu giza. Kila siku wananiambia mzima, mzima. Mimi niliona mgongo tu.

Nikamshika uso, nikamwacha anitazame anavyotaka. Akanipapasa masikio, shingo, mikono, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha ndipo akalia, na mimi. Mama Kavira akatukumbatia sote wawili, nusura tuanguke.

Yule mama wa samaki amekataa kabisa tumpe kitu. Tumelala kwake watatu kwenye mkeka mmoja. Riziki katikati. Usingizini ameshika ncha ya kitenge changu.

Jumatano, 9 Juni

Tumerudi Goma. Wametangaza mtu anaweza kurudi, tukarudi na lori la viazi. Harufu ya vumbi na moshi wa zamani. Nyufa zimeongezeka lakini kuta zinasimama. Mwizi hakuingia. Nimefua tangu asubuhi kwa maji ya ziwa.

Papa Riziki amefika jana. Lava imekata barabara, akaacha lori upande wa pili akavuka kwa miguu juu ya mawe ambayo bado yana joto. Viatu vyake vimekakamaa. Nilimsimulia ya Minova. Akatoka nje peke yake. Aliporudi akamwambia Riziki kwa mikono, yake ni mizito, ya dereva, anakosea nusu: wewe ni mkubwa sasa. Riziki akamsahihisha kidole.

Mama Kavira hakumngoja fundi. Waya ulikuwa bado umelala juu ya mabati yake. Amepanda kwenye stuli na goti lake hilo, akauinua, akaufunga kwenye tawi la avoka kwa kipande cha kitenge. Nilimkuta amekwisha kushuka.

"Kama ni radi, ije," alisema.

Nimerudisha modemu mahali pake. Nyekundu. Sikuumia. Riziki mwenyewe yuko jikoni ananikaangia ndizi.

Jumatatu, 14 Juni

Trésor ameunga. Kijani zote. Alikuta kamba ya kitenge kwenye tawi, akataka kuiondoa aweke ya kwake ya plastiki. Mama Kavira akamkataza.

Riziki anamfundisha Mama Kavira. Anajua: maharage, njoo, chumvi, uongo. Hilo la uongo analitumia sana.

Sista amepiga. Nafasi yake bado ipo, mtihani wa kushona unakuja. Papa Riziki anasema aende. Mimi nasema nini? Usiku wa kuamkia leo ardhi ilitikisika tena kidogo, na Riziki aliamka kabla yetu, akaweka kiganja ukutani hadi ikapita. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema hapana, nawaona nyote.

Kesho nitamfulia lile gauni la bluu, la safari.

Ijumaa, 18 Juni

Nimemsindikiza hadi bandari ya Kituku. Wavuvi wanatoa samaki, mashua inapakia. Alinigeuza nimtazame, akasema nisimame hapohapo, nisiondoke kwanza, nisigeuke. Nikasimama. Mashua ikatoka, ikawa ndogo, mikono yake ikawa midogo hadi sikuweza kusoma tena. Nikaendelea kusimama.

Mama Kavira alinisubiri barabarani na mwavuli. Tulitembea hadi Birere. Hapo akaninunulia hindi la kuchoma.

Jumapili, 20 Juni

Mvua ndogo tangu asubuhi. Papa Riziki amelala, kesho anatafuta njia ya kulitoa lori.

Riziki alipiga baada ya adhuhuri. Habari hakuna. Mtihani ni wiki ijayo. Chakula cha bweni hakina chumvi. Nikamwambia hapa wameanza kurudisha maji mitaa ya chini. Akasema vizuri.

Tukamaliza ya kusema. Nilidhani atakata. Hakukata. Akaegemeza simu kwenye ukuta, akavuta cherehani, akaanza kushona pindo. Na mimi nikaegemeza yangu kwenye kopo la sukari, nikaanza kukata mboga za lengalenga. Mara kwa mara aliinua macho, akaona nipo, akarudi kwenye pindo lake. Mara kwa mara na mimi.

Imekuwa hivyo mchana wote.